Kopo Moja kwa Kila Ndama

Mchana ule wa ukame naukumbuka mpaka harufu ya vumbi lake, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mtoto wa mtoto wangu, kwa sababu ukishafika umri wangu kuhesabu vizazi kunachosha. Juzi ulikuja na daftari lako la bayolojia ukaniomba nikusikilize. Ulisimama katikati ya sebule ukataja sehemu za seli ya mmea na seli ya mnyama bila kupumua, kama mtu anayekimbizwa na mbwa, kisha ukanitazama ukingoja sifa. Nikakusifu, maana hukukosea hata moja. Lakini ulipotoka kwenda dukani nilibaki nimekaa na kikombe changu cha chai kikapoa, nikijiuliza kama nikuambie au nisikuambie. Mimi nami nilizitaja hivyo hivyo nikiwa msichana, bila kukosea, na bado nikaua ndama. Nimeamua kukuandikia. Kwa mdomo ungenikatiza na maswali kabla sijafika popote.

Ilikuwa Endabash, nyumbani kwa baba yangu, ambaye wewe hukumkuta. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kiburi nilichokuwa nacho kingetosha kata nzima. Mvua zilikuwa zimetukatalia misimu miwili. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Kilichobaki kijani ni bustani yetu ya kabichi kando ya mfereji, na bustani hiyo nilikuwa nimekabidhiwa mimi. Kila mchana miche ililala chini, majani yamelegea kama matambara, mtu angedhani imekufa. Jioni nilifungulia maji, nikayaacha yatuame mpaka udongo uvimbe, na asubuhi nilikuta miche yote imesimama wima. Sikuchoka kuitazama. Nilijiona nina mkono wa uponyaji, na huo mkono ndio ulioniponza.

Baba alikuwa na rafiki wa upande wa Endulen, kule juu Ngorongoro, Mmasai aliyeitwa Mzee Sironka. Zamani, kabla sijazaliwa, baba alimpa ng'ombe jike, na tangu siku hiyo hawakuitana tena kwa majina. Waliitana pakiteng, ndivyo Wamasai wanavyoitana watu waliopeana ng'ombe. Ukame ulipobana kule juu, Mzee Sironka alileta kwetu wanyama wake dhaifu, wapate maji ya mfereji na mabua ya mahindi. Nyasi zilipokuwa nyingi kwao, sisi tulipeleka wetu. Hakuna aliyeandikishana na mwenzake. Ndivyo watu wa huku, wenye majembe na wenye fimbo, walivyokuwa wakibebana, na wengine wanabebana hivyo mpaka leo, ingawa kwenye redio utasikia zaidi habari za ugomvi wao.

Basi siku hiyo baba na mama walikuwa wamekwenda msibani Mbulu, watarudi kesho yake. Nilikuwa peke yangu. Jua lilikuwa utosini nilipoona vumbi linakuja barabarani, na ndani ya vumbi Mzee Sironka na ndama saba wakubwa, walioachishwa kunyonya. Nilikimbia nikainamisha kichwa, akaniwekea kiganja utosini kama kawaida yao kwa vijana, lakini kiganja kilikuwa kinatetemeka. Walikuwa wametembea siku tatu. Visima viwili walivyovitegemea njiani walivikuta vikavu. Ng'ombe wake wengine, aliniambia kwa sauti ya chini akitazama pembeni, walikwisha. Hao saba ndio boma lake lililobaki. Mmoja wao, mwenye doa jeupe kwenye paji, alikuwa mjukuu wa yule ng'ombe aliyetoka kwa baba.

Nilimkaribisha barazani, nikampa uji. Kabla hajakaa alichukua kopo letu la kuchotea maji, lile la ukubwa wa lita moja, akalishika mbele ya macho yangu.

"Kila ndama kopo hili moja," alisema. "Moja tu. Halafu unamlambisha chumvi hii. Halafu unaacha mpaka jua lifike juu ya mlima ule. Halafu kopo lingine. Watakulilia, binti. Wewe acha walie."

Akanipa kifuko cha ngozi chenye magadi, ile chumvi ya ng'ombe inayotoka Engaresero, kisha akaegemea ukuta. Sijui kama alimaliza uji. Alikuwa mtu wa miaka sitini aliyetembea siku tatu, na usingizi ulimchukua akiwa amekaa.

Kifuko cha magadi nilikiweka kando, nikawapa kopo moja moja. Lilipita kooni kama halikuwepo. Mwanangu, wewe hujawahi kuona ndama mwenye kiu ya siku tatu. Macho yameingia ndani, pua imepasuka, na anakusukuma kwa kichwa kama mtoto anayetaka umbebe. Walilamba kopo, wakalamba vidole vyangu, wakalamba sketi yangu palipolowa. Mwenye doa alikuwa anatoa sauti nyembamba ambayo hata sasa sipendi kuikumbuka. Na mfereji ulikuwa pale pale, hatua thelathini, umejaa maji, na ilikuwa zamu yetu ya kuyatumia. Nikamtazama mzee amelala. Nikawaza kuwa amezoea nchi ya maji ya shida, ndiyo maana mkono wake ni mfupi kutoa. Nikawaza kabichi zangu. Kitu kilichonyauka dawa yake maji, na maji yakiwa mengi ndiyo kinainuka upesi. Nilikuwa na uhakika huo wote, na huruma ilinijaa kweli kweli. Sikuwa na ubaya wowote moyoni, nakuapia.

Nikajaza hori kwa ndoo mpaka juu. Walikunywa yote, nikajaza tena. Nilisimama nimeweka mikono kiunoni, nawatazama matumbo yanavyojaa kama ngoma, najisikia vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu mafupi.

Haukupita muda mrefu. Mwenye doa alikojoa, na mkojo ulikuwa mwekundu wa kukolea, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nilidhani macho yananidanganya. Wa pili naye akakojoa, mwekundu vile vile. Mwenye doa akaanza kutembea kwa kupepesuka, akagonga bega kwenye nguzo ya zizi, akasimama akitetemeka.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana kosa la kwanza nilikwisha kujisamehe, hili la pili lilinichukua miaka. Nilijua nimeharibu. Mzee alikuwa hatua ishirini tu, ningemgusa bega angeamka. Badala yake nilichukua jembe, nikafukia ule mkojo kwa udongo. Nilifukia mara tatu, sehemu tatu, nikasawazisha kwa mguu. Alipoamka mwenyewe akaniuliza kama niliwapa kopo moja, nilimjibu ndiyo, baba, moja kama ulivyosema.

Alikwenda zizini. Mwenye doa alikuwa ameshalala chini, shingo imegeukia nyuma. Mzee alipiga magoti, akalipiga tumbo lake kwa kiganja, likalia maji. Akatazama hori lililolowa mpaka ukingoni. Akatazama udongo mpya palipokuwa pamesawazishwa. Kisha akaniuliza tena swali lile lile kwa sauti ile ile, na safari hii nililia, nikasema kila kitu.

Alifanya kazi haraka kuliko nilivyowahi kumwona mzee akifanya. Aliwatoa ndama wote karibu na maji. Aliwapaka magadi kwenye ulimi mmoja mmoja, mengi, akinituma huku na kule kwa kidole tu. Wawili walitetemeka mpaka jioni, kisha wakatulia. Mwenye doa hakuinuka. Mzee alimlaza kichwa chake kwenye mapaja yake, juu ya shuka, akawa anamwambia maneno ya Kimasai ambayo sikuyaelewa, na kabla jua halijafika juu ya mlima yule ndama alikata roho. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilitamani anipige, ili kitu kiishe.

Tulikaa barazani mpaka kuku walipoanza kuingia bandani. Mwisho akaniuliza, kwa upole kabisa, nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia kidato cha nne. Akataka kujua kama huko shuleni kuna mtu aliyewahi kutufundisha kwa nini maji yale yale yanamwinua kabichi na kumwangusha ndama. Alikuwa anauliza kweli. Alijua kwamba ndivyo ilivyo, baba yake alimwonyesha na babu yake alimwonyesha baba yake, lakini sababu yake hakuna aliyemwambia.

Nikafungua mdomo kusema hapana. Halafu nikanyamaza, kwa sababu michoro miwili ilinijia machoni. Mmoja wa pembe nne, wenye mistari miwili kuzunguka. Mwingine wa mviringo, wenye mstari mmoja. Nilikuwa nimeichora mara mia. Kwenye mtihani niliichora kwa penseli iliyochongwa vizuri, nikaandika majina yote kwa Kiingereza, na sentensi isemayo kwamba seli ya mnyama haina ukuta. Niliingia ndani nikaleta daftari, nikalifunua mbele yake.

"Kumbe ulijua," alisema.

"Nilijua kwa ajili ya mtihani, baba."

Aliniambia basi nimweleze yeye. Na hapo, mwanangu, nikagundua kuwa sina maneno. Yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya Kiingereza na yalikuwa yamepangwa kama shanga, ukivuta moja zinakuja zote, lakini hakuna hata moja niliyoweza kuishika peke yake. Kiswahili kilikuwa cha kujifunza kwake na kwangu pia. Ilibidi nianze kutafuta. Nilimwambia kwamba mwili wa kabichi na mwili wa ndama umejengwa kwa vyumba vidogo mno, havionekani kwa macho, na kwamba kwa sehemu kubwa vyumba hivyo vinafanana. Kila kimoja kina utando mwembamba unaochagua cha kuingiza na cha kutoa. Ndani kuna ute, na kwenye ute kuna kiini kinachoamua mambo ya chumba chote, na kuna meko madogo madogo yanayochoma chakula kitoe nguvu. Kabichi anayo hayo yote. Ndama anayo hayo yote. Mzee Sironka alicheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo, akasema hakujua kama anakula jamaa wa ng'ombe wake kila akija kwetu.

Nikaendelea kwa tofauti. Chumba cha kabichi kina vitu vya kijani vinavyojipikia chakula kwa jua, ndama hana, ndiyo maana kabichi anakaa pale alipo na ndama lazima atafute malisho. Chumba cha kabichi kina ghala kubwa la maji katikati. Na nje ya utando kina ukuta mgumu. Hapo nilisimama, kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye kosa langu. Nilimwambia, polepole, kama ninayejiambia mwenyewe, kwamba maji yakiwa mengi huingia katika kila chumba, hasa chumba kilichokaukiwa, kilichobaki na chumvi nyingi ndani. Chumba cha kabichi kikijaa kinausukuma ukuta, ukuta unakataa, na mche unasimama kwa nguvu hiyo. Chumba cha ndama hakina cha kukataa. Kinavimba mpaka kinapasuka. Vyumba vya damu ndivyo vilivyopasuka mchana ule, na ule wekundu niliokuwa nafukia ulikuwa damu yake iliyomwagika humo humo mwilini. Ndiyo maana wao huanza na kidogo, na chumvi, ili damu isipokee maji kwa ghafla.

Alilitazama lile duara la mstari mmoja. Akauliza kwa nini Mungu amnyime ndama ukuta. Nikasema nadhani ni kwa sababu anatembea, mwenye ukuta hawezi kujipinda. Akaitikia kwa kichwa, akakubali kwamba hiyo ni haki.

Kisha akasema lile ambalo limekaa nami maisha yangu yote.

"Maji uliyompa nimekusamehe, yalikuwa ya huruma. Huo udongo uliofukia, bado. Ungeniamsha alipokojoa mara ya kwanza, labda sasa angekuwa amesimama."

Aliniambia kwamba nyuma yake wengine wanashuka, kutoka Endulen na kwingine, kesho na keshokutwa, na kila mmoja ana pakiteng wake hapa Endabash mwenye bustani na mfereji na huruma kama yangu. Wengi watafika wamechoka na kulala kama yeye. Akauliza nani atakayewaambia wenye nyumba. Hakuniamuru. Aliuliza tu, akavuta shuka lake mabegani.

Baba na mama waliporudi asubuhi niliwaambia mwenyewe, nimesimama uani, kabla hawajashusha mizigo. Baba alitaka kumpa Mzee Sironka ndama wetu mmoja, na mzee akakataa, akasema yule aliyekufa alikuwa wa nyumba hii pia, kwa hiyo msiba ni wa wote. Baba alifuta macho kwa kofia yake. Mimi nilifunga kanga, nikachukua kopo na mche mmoja wa kabichi ulionyauka, nikatoka.

Nilizunguka siku nne. Nyumba kwa nyumba, kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, nilianza na maneno yale yale, kwamba jana, au juzi, mimi binti wa fulani nimeua ndama wa mgeni kwa maji. Mama mmoja alinicheka mbele ya wageni wake, akaniuliza hiyo ndiyo elimu tuliyokuwa tunaambiwa. Nikamjibu ndiyo, mama, ndiyo yenyewe, ila niliielewa jana. Kufika nyumba ya kumi nilikuwa najua kueleza ukuta wa kabichi hata kwa bibi asiyejua kusoma. Nilimwonyesha mche, nikamwonyesha mkono wangu mwenyewe, nikamwambia huu una ukuta na huu hauna. Nyumba moja karibu na kanisa niliingia wakati ndoo ya kwanza inamiminwa kwenye hori na ndama wanne wanasukumana. Mwenye nyumba aliisikiliza habari yangu nusu tu, akalipindua hori lote kwa mguu. Ndama wale hawakufa. Nilikaa nyuma ya banda lao nikalia kwa furaha, nadhani wenyeji walinishangaa.

Mvua ziliporudi Mzee Sironka alikuja kuwachukua sita wake, wamenawiri. Nilikimbia kumwinamishia kichwa. Akaniwekea kiganja utosini, hakikutetemeka, akasema, "Mwalimu, hujambo?" Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Sikuwa na cheti, matokeo yenyewe yalikuwa bado. Ndipo nilipojua kwamba ule udongo umesamehewa.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, niseme wazi usije ukasema nimekuachia fumbo. Mtihani wako jibu kwa Kiingereza chao, uandike vizuri, upate alama zako. Lakini usihesabu kwamba umelijua jambo mpaka umeweza kumweleza mtu mwenye vumbi miguuni, kwa lugha anayoielewa, naye akapata cha kufanya nalo. Na katika maisha utakutana na watu waliokauka. Wengine wana ukuta, ukiwamwagia upendo wako wote kwa siku moja wanasimama. Wengine hawana, si kwa udhaifu, ni kwa sababu wao ni wa kutembea, na hao unawapa kidogo, unangoja, unawapa tena, hata wakikulilia. Mtazame kwanza aliye mbele yako ni yupi. Huruma yako itakudanganya kwamba wote ni kabichi. Nimewaona wazazi wakikosea hapo, na wachumba, na mimi mwenyewe nilikosea hapo kwa mama yako zaidi ya mara moja, Mungu anisamehe.

Na jembe, mwanangu, liwe la kulimia tu.

Mungu wa baba yangu na wa Mzee Sironka akujalie macho ya kutambua na mkono wenye kipimo. Akupe watu wa kukuambia ukweli bila kukupiga. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akupe ujasiri wa kumgusa mwenye mali bega, umwamshe, umwambie, ndama wakiwa bado wamesimama.